Ubao wa Ghorofa ya Sita

Naugonga kwanza kwa kifundo cha kidole,
kama anayebisha hodi kwa mtu anayemdai.
Ukinijibu kwa sauti kavu, nyembamba, naupokea.
Ukinung'unika nauacha pale pale Gikomba,
hata mwenye mbao akinipunguzia bei
na kuniita mama mara tatu.

Kisha nautafuta fundo.
Fundo dogo la kati, kama kifungo cha shati, halinitishi.
Lakini lililo ukingoni, limelegea, lina duara jeusi,
hilo ni kama la moyoni:
halisemi kitu
mpaka siku unapoliegemea.

Gathirimu, msimamizi, haelewi safari zangu.
"Mbithe, si tuna mbao za fomu hapo chini?
Zimebeba zege miezi minne, zitashindwa na upepo?"
Namwambia upepo hauna kilo.
Upepo haupandi ngazi tangu alfajiri na saruji begani,
haufiki saa nane
na chapati moja tumboni.

Mbao za fomu zimelowa zikakauka, zikalowa tena,
misumari imezitoboa zikawa chujio.
Ukiwa barabarani, ni kinga nzuri.
Ukiwa barabarani, hata kamba ya mkonge ni kinga.

Januari, upande wa ngazi, moja ilikatika.
Haikuangusha mtu. Iliangusha toroli.
Toroli ikashuka bila haraka, nilivyoona mimi,
ikatua kwenye lundo la mchanga, gurudumu juu, likizunguka.
Tulilitazama lile gurudumu mpaka likakoma.
Ondieki, aliyeachia vishikio sekunde hiyo,
aliomba sigara.
Havuti.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakufika ghorofa ya sita ya Kilimani,
ambako ukuta bado, na ufa ni hewa yote hadi Ngong.

Basi sasa ni mbili kwa nne, msonobari mkavu,
nguzo kila hatua mbili na nusu.
Ubao wa juu unanipita kiuno kwa kiganja,
wa kati ni wa anayeteleza akiwa amechutama,
wa chini ni wa nyundo, isimshukie muuza uji.
Naupigilia upande wa ndani wa nguzo,
mtu akiusukuma, ausukume kwenye nguzo,
asiung'oe msumari.

Halafu namwita Kilundo, kilo tisini kabla ya kula.
Namfunga mkanda, kamba naizungusha kwenye nondo.
"Anguka," namwambia.
Anacheka, anafumba macho, anajitupa kwa ubavu.
Ubao unapinda kidogo, unalia, unarudi.
Nataka upinde, sifichi.
Usiopinda huvunjika bila kuaga.

Mkaguzi ana karatasi yenye namba. Nimeisoma.
Ile namba ni mtu mmoja
aliyechoka, amejikwaa,
hakupanga.

Julai vioo vilikuja, tukabandua mbao zote.
Mwenye kibanda alizitaka kwa moto wa maharagwe.
Nikageuza moja kabla hajaichukua:
mahali pa urefu wa mkono paling'aa,
mafuta ya viwiko, jasho, vumbi lililosuguliwa.
Nikawauliza, nani alikuwa akiegemea hapa?

Wakatazamana.
Hakuna aliyekumbuka.