Rinda la Mgongoni

Miaka kumi na tisa nimepima mabega ya watu
barazani kwa Mushi, Dabo Rodi, hapa Moshi:
ya mwalimu, yanayoteremka kama paa la bati,
ya bwana harusi aliyebana pumzi tumbo lisionekane,
ya mtoto wa darasa la kwanza, inchi kumi na moja,
mama yake akisema, ongeza, atakua.
Yangu sikuwahi kuyapima.
Cherehani ilikuwa imeyachukua taratibu,
ikayavuta mbele, uzi kwa uzi,
hadi nikawa nasalimia watu kwa utosi.

Ndipo nikaenda kwa Manka,
nyuma ya gereji, Majengo,
kwenye benchi la mabomba ya jukwaa la ujenzi
na zege lililomiminwa ndani ya makopo ya rangi.
Nikalala chali. Nikasukuma kilo hamsini
kwa hasira ya mtu aliyechekwa na vijana wa gereji.
Wiki ya tatu bega la kulia likaanza kusaga
kama mkasi uliolegea skrubu.
Kukata kitambaa nikashindwa. Ilikuwa Desemba,
na sare za shule zimejaa hadi mlangoni.

Manka hakunipa pole.
Aliondoa makopo yote, akaniachia nondo tupu
mbele ya vijana wale wale.
Akauliza: "Fundi, rinda unalishikaje?"
Nikasema, nalikunja, nalibana, napiga pini.
"Basi mgongoni una vipande viwili vya kitambaa kigumu.
Vilete pamoja. Vishushe kuelekea kiunoni. Piga pini.
Na pini isitoke mpaka nondo irudi mahali pake."

Nikapiga pini.
Kifua kikainuka chenyewe, kama kola iliyotiwa wanga.
Viwiko havikutanuka tena kama mikono ya msalaba,
vilisogea mbavuni, nusu ya njia, vikatulia.
Nondo ikashuka, ikagusa, ikapanda,
na bega halikusema neno.

Lakini bega halina subira.
Likiona uzito unaondoka, linataka kuusindikiza.
Likiona unakuja, linakimbilia mlangoni kuulaki.
Nikifika mara ya nane pini inang'oka,
mabega yanapanda masikioni
kama ya mtu anayesema "sijui".
"Unajua," anasema Manka, hata hanitazami,
anafunga lesi ya kiatu. "Shusha.
Mgeni atafika mwenyewe. Wewe kaa kitini."

Sasa ni Juni. Baridi imeteremka kutoka mlimani,
na leo asubuhi nimetoa koti la kijivu
nililojishonea mwaka niliooa.
Mbele limekaza, kifungo cha pili hakifiki.
Nyuma kitambaa kimebaki,
kinaning'inia juu ya mgongo kama mfuko usio na kitu.
"Umenenepa," anasema Ndeshi.
Nimesimama mbele ya kioo cha wateja,
futi kamba shingoni,
namtazama mtu yule niliyemkatia koti hili:
nilimpima vizuri. Alikuwa hivyo hivyo.

Nimechukua wembe.
Nafumua mshono wa bega, wa kushoto kwanza,
maana wa kulia, mvua ikikaribia,
bado unanikumbusha zile kilo hamsini.