Utenzi wa Kalamu Nyeusi

Nipe kalamu nyeusi,
buluu huwa nuhusi,
niijaze karatasi
ya safari ya ugeni.

Usivuke kisanduku,
mkia usije huku;
ukikosea, shauku
itarudishwa nyumbani.

Mwanangu yuko Torino,
mwanawe kaota jino,
nampakata kwa neno
la simu ya mkononi.

Kwanza alikuja Sudi,
koti limejaa udi,
ati mjombake Sadi
yu ndani ubalozini.

Bangili yangu ya ndoa
nikaivua, katoa;
Sudi nanga akang'oa,
simu haimo hewani.

Ndipo nikenda kwa Dama,
juu ya duka la nyama;
feni hupiga, hukoma,
Malindi, huku sokoni.

Neno la kwanza: risiti;
la pili: "Fungua vyeti";
la tatu: "Ukweli, Siti,
sinaye mjomba ndani."

Kipande: ni Mwanaesha;
chetini: ni Mwanaisha;
benki wakanibatisha
Mwana Asha wa Barani.

Dama akasema: "Hawa
watatu, nani apewa
viza?" Kiapo kikawa
chawaunga kortini.

Tarehe? Mama kanena:
mwaka wa nzige, na tena
mto umepanda sana.
Fomu haina "nzigeni".

Bahasha ikishafungwa,
sheria mpya zapangwa;
ukili uliosongwa
wafumuka mikononi.

Benki, miezi ni sita;
picha za jana wafuta;
ada nayo imepita
kiwango cha mfukoni.

Nikamwambia, "Yatosha,"
machozi yakaniosha;
Dama feni akawasha,
akaniacha kimyani.

Kisha: "Sifanyi ajabu,
nasoma upya kitabu;
wakibadili hesabu
naanza tena mwanzoni."

Likabaki swali moja,
twalitazama pamoja:
"Utarudi? Taja hoja:
kikurudishacho nini?"

Sina shamba, sina gari,
mshahara, si tajiri.
Sudi angechora shwari
ghorofa la Watamuni.

Dama: "Kukicha u wapi?"
"Mahamri." "Je, mangapi?"
"Mia mbili." "Deni ngapi?"
"Zote zimo kitabuni."

Kitabu chenye mafuta,
iliki inayovuta.
Kahindi hajakung'uta
themanini ya Shabani.

Mwalimu Nyevu wa shule,
bodaboda wote wale,
fundi wa mlango ule,
wadaiwa, si utani.

Dama kapiga nakala,
akatunga, bila hila:
"Huyu hawezi kulala
ng'ambo, deni zi Barani."

Nikasema, "Ongezea
kaburi nafagilia
la mume, na paka pia
anilindaye jikoni."

"Paka," kasema, "tumwache;
kaburi tusilifiche,
na huruma tusichoche,
afisa yu hesabuni."

Nikenda toa vidole
Nairobi; mashine ile
haikusoma, kwa vile
vyaungulia jikoni.

Ya sita, ikatambua.
Dama alishalijua:
barua ya kuungua
ilikuwamo fungoni.

Sasa nangoja. Mwanangu
aniambia, wenzangu,
lile jino lina fungu:
manne yamo kinywani.

Dama jana kanijuza
fomu mpya imeanza;
"Yetu iliwahi kwanza,
haiguswi na kanuni."

Lakini mie mwepesi
wa hofu; ile nyeusi
naifunga na fulusi
fundoni mwangu kangani.

Kahindi kaja kulipa,
mkono nikaukwepa:
"Zishike, usije nipa,
deni lako ni idhini."