Risasi Ndani ya Ukuta

Muuguzi alipolitamka neno lile, nilicheka.
"Mama, ndani ya ukuta wako kuna risasi."
Nikamwonyesha tundu juu ya mlango,
la vita vilivyonikuta na mimba ya kwanza.
Hiyo? Hiyo tumeishi nayo, tumeitundikia kalenda.

Akatikisa kichwa. Si ile inayolia, akasema.
Ni ile iliyonyamaza.

Mume wangu Kabwita alikuwa mpaka rangi wa kampuni.
Alipaka vitanda vya hospitali, milango ya ofisi,
vishikio vya ngazi walivyoshika wakubwa
ambao hawakutushika sisi mikono.
Na kila mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikikaza,
alirudi na nusu kopo chini ya koti
(si wizi, alisema, ni masazo)
akaipaka nyumba, namba mia moja kumi na nne,
hata ikawa kijani kama matembele yaliyooshwa sasa hivi.
Majirani walikuja kuinusa.
"Rangi hii haibanduki mpaka nife."

Alikufa. Ikaanza kubanduka.

Miaka yake ya mwisho mikono ilimtetemeka.
Watu wa kampi walisema ni pombe,
naye pombe hakuwahi kuionja.

Ilibanduka kama magamba ya samaki wa Kasenga,
nami niliyafagia bila kuwaza.
Mjukuu wangu Musonda, miaka mitatu,
alisimama dirishani akimngoja mamake atoke sokoni,
mdomo juu ya ubao.
Nilidhani anabusu kioo.
"Nkambo, ni tamu."

Tamu.
Mimi niliyemchapa kwa kula udongo
sikumchapa kwa hiyo.

Kisha maneno yakaanza kumtoka.
Kwanza kiatu. Kisha mwezi.
Siku moja alinitazama kama mtu anayetafuta ufunguo,
na ufunguo wenyewe ulikuwa jina langu.

Ndipo Leta ikakumbuka njia ya kampi.
Ipo pesa ya umma, walisoma kwenye karatasi,
ya kukwangua nyumba za zamani za watu wa mshahara usiofika.
Pesa ya Leta naijua mimi:
asubuhi inatangazwa redioni,
jioni imeshalala Kinshasa.
Lakini hii ilifika, ikichechemea,
miezi kumi na moja baadaye,
nyumba ishirini badala ya sitini.

Kapend na vijana wake wakaja na barakoa,
wakatandika plastiki, wakalowesha ukuta.
"Hatukwangui kukavu, mama. Vumbi ndilo linalomla mtoto."
Chini ya kijani, samawati: mwaka aliozaliwa Ngosa.
Chini ya samawati, rangi ya maziwa: mwaka nilioolewa.
Chini kabisa, nyekundu ya kutu,
ya watu waliokaa humu kabla yetu.
Sijui majina yao. Sijui watoto wao.

Kabwita, sikukasirikii.
Ulituletea kizuri ulichokijua.
Waliolichapa kopo walijua kuandika.
Hawakuandika.

Maisha yangu yalitoka ndani ya mifuko saba,
ikafungwa, ikapimwa kwenye mizani,
nikaweka dole gumba.

Musonda ameanza vidonge. Juzi alisema "mwezi",
akionyesha taa ya barabarani.
Sikumsahihisha.

Nyumba mia moja kumi na tano haimo kwenye orodha.
Mama Ngalula alikuja na kiti chake,
akakaa mbele ya ukuta wangu ulio uchi,
Bilonda mapajani, akauliza: sisi lini?
Kapend aligeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu.

Usiku huu nyumba yangu inanuka chokaa na sipati usingizi.
Nasikia Bilonda anagonga dirisha lao kwa kijiko.
Dirisha lile ni la kijani kile kile.
Kila mwaka, ikibaki robo,
Kabwita alisema: wapelekee majirani nao wapendeze.

Ni mimi niliyelibeba kopo.
Nimeinuka, natafuta ndoo na kitambaa.