Sanduku la Tatu

Mali bila daftari huisha bila habari,
basi Asahel Pruitt aliandika kila kitu:
misumari ratili mbili, mafuta ya taa, kwinini,
kitambaa cha maua yadi saba, Bi. Hovland, kwa mkopo,
jeneza moja, dogo, bila jina la mnunuzi.

Nazitoa karatasi moja moja kwa glavu nyeupe.
Zinanuka tumbaku na mkojo wa panya.
Duka lilikuwa chumba kimoja ukingoni mwa Niobrara:
kushoto unga na viatu, kulia Serikali,
yaani dirisha lisilozidi kitabu, mihuri miwili,
na kabati la vitundu thelathini
kwa watu kumi na tisa.

Hakuwa mtakatifu. Nimezipiga hesabu zake.
Chumvi aliyomuuzia Baptiste Laframboise
ilikuwa ghali mara mbili ya chumvi ya wengine,
pipa lile lile, siku ile ile.
Na ratili yake ya unga, nikilinganisha na ankara za Omaha,
ilikuwa wakia kumi na tano.
Kidole chake nacho kilikuwa bidhaa.

Julai, 1874. Mwandiko unalegea.
*Wamefika saa nane mchana, jua likafifia.
Wamekula mahindi. Wamekula vitunguu
hadi vikabaki vishimo ardhini.
Wamekula mpini wa jembe langu
pale penye jasho la mkono.*

Baada ya hapo safu ya Fedha Taslimu ni nyeupe,
kurasa kwa kurasa, kama theluji iliyowahi.

Ndipo zinapoanza barua za Washington.
*Bwana, hesabu yako ya stempu ina upungufu
wa dola kumi na moja na senti arobaini.*
Miaka sita, makarani wanne, wino ukizidi kukasirika.
Naye kila mara:
*Barua yenu imefika salama. Huku ni baridi.*

Kwa stempu za senti tatu,
hizo ni stempu mia tatu na themanini.

Leo, chini kabisa, ndani ya mfuko wa unga uliokunjwa,
nimekuta orodha isiyo na bei:
Hovland, kwa dada yake, Wisconsin.
Mzee Kratochvil, kwa kanisa la Iowa, kuomba mbegu.
Laframboise, kwa binti. Laframboise, kwa binti.
Laframboise, kwa binti, tena.

Nimehesabu mara mbili kwa ncha ya penseli.
Mia tatu na sabini na moja.
Mali iliisha, ndiyo. Habari zilikwenda.

Lakini tisa sizioni.
Nimepekua hadi mshono wa mfuko,
nikapata bawa la nzige, kavu, lenye mishipa
kama ramani ya mito isiyo na majina.
Nimelitia kwenye bahasha yake
na juu nimeandika kwa penseli:
*tisa, kwa nani?*