Mkungu Uliorudishwa

Saa tisa usiku shavu la mguu hujikunja
kama kamba ya mbuzi aliyeuzunguka mti mpaka shingo.
Naruka kitandani, nakanyaga saruji baridi,
namwita Mungu kwa Kichaga na kwa Kiswahili,
na Ndeonasia, bila kufumbua macho, ananiambia:
"Ni ugali usioula. Umekuja kudai."

Wiki ya saba hii.
Sukari imeshuka, mkanda umepata tundu jipya
nililolitoboa kwa msumari wa moto.
Wali nimeuaga, chapati nimeziaga,
hata uji wa ulezi ulionilea
nausalimia kwa mbali, kama mtu anayenidai.

Pale Mawenzi, Nesi Haikaeli alisoma karatasi yangu
akashusha miwani:
"Maji yamekutoka, baba, na chumvi zake zimeyafuata.
Umepungukiwa potasiamu."
Nikauliza, inapatikana wapi?
Akajisahau, binti wa Marangu: "Kwenye ndizi."
Tukatazamana.
Tukacheka mpaka foleni ikanung'unika.

Moshi hii!
Ambako ndizi ina majina mengi kuliko watoto wa jirani,
mshare, kimalindi, mraru, kisukari,
ambako mzazi hunyweshwa mtori kabla mtoto hajapewa jina,
mimi nimeandikiwa dawa
iliyofungiwa ndani ya wanga niliokatazwa.

"Na ile chumvi ya kopo, ya potasiamu?"
"Usiiguse. Tupime figo kwanza, ndipo tuongee.
Huyu ni mgeni wa ajabu: akikosekana, nyumba inalegea,
akizidi, anauzima moyo wa mwenye nyumba."

Alhamisi, mama akashusha mkungu kutoka Kibosho,
umefungwa kwa majani yake, juu ya bodaboda, kama bibi harusi.
Nikamwambia kijana: geuza.
Nilimlipa nauli ya kwenda na kurudi.
Siku tisa simu ya mama haikulia.

Nikawa mtu wa Kiboriloni.
Najua sasa mama gani huchuma majani ya maboga alfajiri
na nani huyanyunyizia maji yaonekane ya alfajiri.
Nabonyeza parachichi karibu na kikonyo, kwa kidole gumba,
kama daktari anayetafuta maumivu.
Uyoga, spinachi, kibua wa kukaanga.
Navihesabu kwa kalamu ileile
niliyohesabia kahawa ya wenzangu miaka ishirini na sita,
na hesabu haifungi: mguu bado unadai.

Jumapili nikapanda mlimani
na jani la isale mkononi.
Mtu mzima, mvi kichwani,
nimebeba jani wanalobeba waliomwaga damu au kuhamisha mpaka,
kwa sababu ya ndizi.

Mama alilipokea. Akalifuta vumbi kwa kanga,
akalichomeka juu ya mlango, hakusema nimesamehe.
Akasema: "Mguu?"
"Unauma."
Akapotea nyuma ya zizi.

Akarudi na mnafu, kikapu tele,
akauchemsha, akautia siagi, akauweka mbele yangu.
"Huu ulikuwa ukiutema chini ya meza.
Kuku wangu walinenepa kwa ajili yako."
Akapasua parachichi mbili
za mti ule wa ukingoni, ambao enzi zetu
matunda yake tuliwaachia nguruwe.
"Kula. Nguruwe wangu hawakuwahi kukazwa na misuli."

Wengine walipewa mtori.
Mvuke wake ulivuka meza, ukanishika pua,
nikauachia. Mvuke hauna wanga.

Nililala kwenye kitanda changu cha shule.
Saa tisa niliamka kwa mazoea, nikangoja,
nimeshika ukingo wa godoro.
Mguu ulikuwa kimya.
Usiku mmoja tu, sijidanganyi.
Nje, migomba ilipapasana majani gizani,
kama ndugu wanaomsengenya
mtu wanayejua yuko ndani, na yuko macho.