Chumvi Imo Ndani

Pakiti ina soseji nane.
Nimezihesabu juu ya nailoni, mara mbili,
kwa tochi ya simu, maana umeme wa laini yetu
hapa kambi ya polisi Nsambya
umekatika tangu alasiri.

Akiror ndiye aliyeziomba.
Aliiona moja kwa mwenzake shuleni, imelala ndani ya mkate,
akaja kuniambia inang'aa
kama kidole kilichotoka kuogeshwa.
Basi mshahara ulipoingia nikashuka Kabalagala,
nikalipa, nikarudi nimeishika kwa mikono miwili
kama askari na kielelezo cha kesi.

Maandishi ya nyuma ni madogo kama chawa.
Nayasoma. Chakula sikukisomea,
nilisomea kushona sare, lakini kusoma najua.
Nguruwe, maji, wanga, mafuta, chumvi,
kisha majina marefu marefu
yasiyo na shamba wala zizi.
Soseji moja: kama robo ya chumvi ya mtu mzima kwa siku.
Soseji moja: protini isiyolishinda yai,
na yai kwa Lamwaka ni mia tano.

Ekwaru ana presha.
Kadi yake ya kliniki iko chini ya godoro.
Daktari alipigia mstari neno chumvi,
akaupiga tena,
karatasi ikatoboka.

Kikaango kizuri tunacho kimoja,
nacho ni nusu yangu, nusu ya Sauda Farajala, mlango wa nne.
Miaka sita kinavuka ukumbi:
kinaenda kisafi, kinarudi kisafi
na kipande cha gurusa ndani, bado cha moto.
Hicho sikukigusa.
Nimetoa sufuria kuukuu iliyopoteza mfuniko,
nikaifunga uzi mwekundu sikioni.
Wewe, nikaiambia, kuanzia leo ni wa nguruwe.

Maji kwanza.
Nimezichemsha juu ya sigiri hadi zikavimba,
maji yakageuka rangi ya ufizi,
nikayamwaga mtaroni.
Mbwa wa sajini akaja, akanusa,
akaenda zake.

Kisha mbili. Mbili tu.
Nimezikata nyembamba kama sarafu,
Akiror akihesabu kwa sauti: thelathini na moja,
na ncha mbili ambazo hazikufika sahanini.
Mafuta sikutia, waliyokuja nayo yanatosha,
yametoka yenyewe yakilia.
Kitunguu. Nyanya nne zilizolainika.
Dodo mafungu mawili, mashina na yote,
yakajaa hadi ukingoni, yakanywea, yakatulia.
Mkono wangu ukaenda kwenye kopo la chumvi
kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha nyumba aliyohama.
Nikaurudisha.

Ekwaru ametoka zamu saa mbili,
amening'iniza kofia, amenawa, ameketi.
Tonge la posho, dodo, sarafu moja.
Ametafuna. Amenitazama.
"Chumvi iko wapi?"
"Imo ndani ya nguruwe. Alikuja nayo."
Amecheka hadi akapaliwa,
na sahani akaifuta kwa tonge la mwisho
bila kuuliza tena.

Zimebaki sita, na friji hatuna.
Sauda anayo.
Hakuniambia neno, nami sikumwomba,
tukasalimiana ukumbini, kila mmoja na jiko lake,
na huo pia ni ujirani.
Nimezipeleka kwa Lamwaka, mwisho wa laini.
Friza lake limezimika, lakini barafu anayouzia watoto
bado ngumu, inashikilia.
Kodi ya usiku, anasema, ni soseji moja.
Nimenung'unika, nikakubali.

Akiror hajalala.
"Mama, siku moja nipe nzima.
Ndani ya mkate. Usiikate."
Siku moja, nimemwambia. Nzima.

Sita, toa ya Lamwaka.
Toa ya Akiror.
Nne.
Nne hizo nanoa kisu.