Kibali cha Mjohoro

Mjohoro uliupanda wewe, Chedego, kati ya karo na ukuta,
mwaka ule tulipohamia Miyuji
na vumbi likituingia hadi kwenye kopo la chumvi.
Ulisema: kivuli kwanza, geti baadaye.
Sasa umelipita bati. Tawi moja limevuka
kwa mama Ndahani, na upepo wa kiangazi ukivuma
linakwaruza paa lake usiku kucha
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

Hezroni alikuja na panga kabla sijanawa uso.
"Elfu kumi na tano, mama, na kuni nabeba mimi.
Nusu saa tu."
Nikautazama waya wa umeme ulivyopita majanini.
Nikaitazama miguu yake: ndala,
ya kushoto imeshonwa kwa waya vilevile.
Nikampa chai. Panga likasubiri mlangoni.

Ofisi ya mtaa wakaniambia: kata.
Nikashangaa, mbona wamekubali upesi?
Kumbe ni ofisi ya kata, niende huko.
Kata wakasema jiji. Jiji wakasema
afisa misitu hayupo, rudi Alhamisi.
Sikukasirika. Miaka ishirini na mbili
nilipiga mihuri idara ya maji;
naujua wino unavyokauka
katikati ya jina la mtu.

Fomu ikauliza: *Sababu ya kukata mti.*
Sina sababu ya kukata mti.
Nikaandika: kupunguza.
Karani akasema kisanduku hicho hakipo.
Nikaazima rula yake, nikakichora.

Fundi anaitwa Masinjisa, wa Kongwa,
kamba kwenye kiroba, kofia ngumu, buti.
"Mbukwa," alisema getini,
sijui alinisalimu mimi au mti.
Aliuzunguka mara tatu. Aligonga shina kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio kama mkunga.
Nikadhani atapanda. Akaketi.
"Mvua bado zipo, mama. Kidonda cha sasa kitaoza.
Tungoje baridi, mti upumzike."
Ilikuwa Machi. Nikaanza kuhesabu miezi
kama mtoto wa bweni.

Kibali kikatoka Julai, muhuri umepinda kidogo:
siku thelathini, mwisho tarehe tisa Agosti.
Jumamosi Masinjisa akajifunga mkanda, akapanda.
Hezroni chini, ameshika kamba,
ndani ya buti za kuazima zinazomfanya atembee kama bata.
Halafu kimya. Halafu sauti kutoka juu:
"Kuna njiwa huku. Makinda mawili. Bado uchi."

Nikakisoma kibali mbele na nyuma.
Hakina neno juu ya njiwa.

Basi likaondoka tawi la mama Ndahani peke yake.
Kwanza msumeno chini yake, kidogo,
kisha juu, lisije likachana gome hadi shinani.
Lilishuka kwa kamba, polepole,
Hezroni akiachia shibiri kwa shibiri,
nami nikaingia ndani kutafuta kitu ambacho sikukihitaji,
kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokushusha wewe.

Tawi la upande wa waya limebaki na kiota chake.
Hata hivyo, watu wa umeme walisema
watazima laini siku yao, wala si yangu.
Mama Ndahani anasema usiku ule hakulala:
kulikuwa kimya mno.
Hezroni amelipwa. Ameuliza kamba hufundishwa wapi.

Leo tarehe kumi. Kibali kimekufa jana.
Kinda moja limeruka hadi ukutani,
la pili limesimama ukingoni mwa kiota
linanyoosha bawa, linalikunja.
Nimevaa viatu vya ofisini.
Kabla sijatoka nafungua droo:
safari hii nakwenda na rula yangu.